Mti Uliopewa Jina Kabla ya Kuonekana

Chuma kitawi cha mkarafuu ukiangalie. Majani yamekaa mawili mawili, kila moja likitazamana na mwenzake. Kisha chuma cha mwembe: moja huku, jingine kule, yakipanda kwa kulizunguka tawi. Tofauti ndogo kama hiyo iliwapiga chenga wataalamu wa visukuku kwa miongo mingi.

Katika karne ya 19 Oswald Heer, Mswisi aliyekuwa akiletewa mawe kutoka nchi za kaskazini ya mbali kama Greenland, alikuta humo alama za vitawi vyenye majani membamba. Kazi yake, kama ilivyo ya wenzake hadi leo, ilikuwa kuliweka jani la jiwe kando ya jani bichi na kulitafutia ndugu. Ndugu waliofahamika walikuwa wa Marekani: Sequoia, lile jitu la California, na Taxodium wa vinamasi vya kusini. Basi kila kitawi kikapewa ukoo mmoja au mwingine, hata kilichokataa.

Shigeru Miki, Mjapani aliyekuwa akichambua masalia ya mimea kwenye udongo wa mfinyanzi wa kwao, hakuangalia umbo la jani tu. Aliangalia lilivyokaa. Majani ya Sequoia na Taxodium hupishana. Haya yalitazamana, kama ya mkarafuu. Magamba ya koni nayo yalipangika kwa jozi, na koni yenyewe ilikuwa na kikonyo kirefu kisicho na majani. Mwaka 1941 akatangaza jenasi mpya, Metasequoia, akiwa na visukuku tu mkononi.

Mwaka huohuo, Japani na China zikiwa vitani, mtaalamu wa misitu Mchina, Gan Duo, alipita kijiji cha Modaoxi, katikati ya China, akaona mti mkubwa wenye kihekalu chini yake. Wenyeji walikuwa na jina lao la kuuita, shuishan. Kilikuwa kipupwe, mti umepukutika wote, akaondoka mikono mitupu. Mwaka 1943 mtaalamu mwingine wa misitu, Wang Zhan, alichukua vitawi na koni, akaudhania mti mwingine wa Kichina, Glyptostrobus. Sampuli zilipita mikono kadhaa, na mwaka 1946 zikamfikia mtaalamu wa mimea Hu Xiansu, aliyekuwa ameisoma kazi ya Miki. Safari hii jani bichi ndilo lililotafutiwa ndugu kwenye jiwe, naye akapatikana. Mwaka 1948 Hu na mwenzake Cheng Wanjun wakaupa mti huo jina kamili, Metasequoia glyptostroboides.

Ralph Chaney wa Chuo Kikuu cha California alifunga safari mwaka huo kwenda kuuona. Aliporudi alifungua upya makabati, na visukuku vingi vya Marekani vilivyoitwa Sequoia, vikiwemo alivyovitaja yeye mwenyewe, vikahamishiwa Metasequoia. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa safari yenyewe.

Na hapo fumbo jingine likafumbuka. Sequoia haipukutiki yote kwa msimu. Mbona mawe yamejaa vitawi vizima namna ile? Metasequoia kila mwaka huangusha vitawi pamoja na majani yake, vikatanda chini, vikafunikwa na tope la ziwa. Ni upukutikaji uleule uliomfanya Gan Duo aondoke bila jani hata moja.