KHABARI ZA BAHARI NA MWENYE KUZITOA

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, alinijia barazani mvuvi mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, naye amekasirika. Wavuvi wameambiwa wasitoke, na nyumbani kwake unga hununuliwa kwa samaki wa jana. Akaniuliza: "Sheikh, hawa wanaotwambia kesho bahari itachafuka, si wanadai elimu ya ghaibu? Na sisi tumekatazwa kumsadiki mpiga ramli."

Suala lake si la kuchekwa. Nilimjibu kwa tarikh, na wewe pia nakueleza.

Wazee wetu walikuwa na elimu yao ya upepo. Walihisabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Kwa hisabu hiyo wakajua kaskazi inakwisha lini, tanga mbili inaingia lini, na kusi inaanza lini. Ni elimu kubwa, na mpaka leo inafaa. Lakini inaeleza msimu, haielezi siku. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sayyid Barghash na kuangusha mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba. Manahodha walioijua miongo walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa mbali wa kuwaletea khabari, kwani hata waya wa simu ulifika Unguja mwaka 1879.

Huko Uingereza kazi ya kuonya ilikuwa imeshaanza, na iliyoianzisha ni msiba. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859, merikebu iitwayo Royal Charter, iliyotoka Australia na imebakisha safari ndogo tu kufika Liverpool, ilivunjika juu ya majabali ya Anglesey, wakafa watu zaidi ya 400. Mkuu wa idara ya hali ya hewa wakati huo alikuwa Robert FitzRoy, baharia mzoefu, aliyekuwa nahodha wa merikebu Beagle iliyomchukua Charles Darwin. Akaona kuwa tufani haizuki kila mahali kwa mara moja; huanza pahala na kusafiri, na khabari za waya husafiri upesi kuliko upepo. Basi akaweka watu katika miji ya pwani, kila mmoja apime uzito wa hewa alipo, atazame upepo, apeleke khabari London. Kuanzia Februari 1861, bandari iliyokhofiwa kufikwa na tufani ilitundika mlingotini alama ya turubali: pia yenye ncha juu kwa upepo mkali wa kaskazini, ncha chini kwa wa kusini.

Hapa ndipo nilipomtaka mvuvi wangu asikilize vizuri. FitzRoy alikataa kazi yake isiitwe uaguzi. Alichagua neno lenye maana ya rai inayotokana na hisabu. Sisi tumekwenda kuiita "utabiri", neno lenye asili ya kufasiri ndoto, kisha tunashangaa watu wakidhani ni ramli! Mwenye kuona moshi akasema pana moto hakudai ghaibu. Anaweza kukosea, na FitzRoy alikosea mara nyingi, akachekwa magazetini. Alijiua mwaka 1865. Mwaka uliofuata wataalamu wakazisimamisha alama zake kwa kuwa hazina msingi wa kutosha, na waliolalamika mpaka zikarudishwa mwaka 1867 ni watu wa baharini wenyewe.

Lakini onyo halimlishi mtu. FitzRoy alihimiza vijiji vya wavuvi maskini viazimwe barometa, yaani chombo cha kupimia uzito wa hewa. Eyemouth, mji wa wavuvi wa Scotland, walikuwa nacho bandarini. Tarehe 14 Oktoba 1881, siku ya Ijumaa, baada ya kukaa bure siku kadhaa kwa ubaya wa bahari, waliamka wakaona jua na utulivu. Chombo kilikuwa kimeshuka sana. Wakatoka, kwa kuwa nyumbani hapana kitu. Kufika adhuhuri mbingu ikageuka giza, na baadhi ya mashua zikavunjika mlangoni mwa bandari, wake na watoto wanatazama. Pwani ile ilipoteza wavuvi 189, na katika hao 129 ni wa Eyemouth peke yake.

Mvuvi wangu alinyamaza kidogo. Kisha akatoa simu yake akanionyesha khabari aliyotumiwa: kimbunga kinaingia usiku huu, kimeshaua mamia. Nikamuuliza imetoka kwa nani, imetolewa siku gani, na inasema bahari ipi. Hakujua hata moja. Nikamwambia, huyu ndiye wa kumkataa. Hadithi isiyo na isnadi hatuipokei darsani, mbona tuipokee ufukweni? Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa onyo hutaja siku, hutaja Tanga au Lindi au Pemba, hutaja upepo wa kilomita ngapi kwa saa na mawimbi ya mita ngapi. Hayo unaweza kuyapima na jicho lako mwenyewe, na wakikosea utawajua.

Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei. Ngalawa yake ilikuwa imefungwa juu mchangani, na unga wa siku zile alikopa dukani kwa jirani.