Nani Alipika Siku Stanley Alipomkuta Livingstone Ujiji?

Ukifika Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka Kigoma mjini, wenyeji watakuonyesha mnara na miembe na kukwambia hapa ndipo Stanley alipomkuta Dr. Livingstone mwaka 1871. Hadithi hiyo kila mtu anayo. Ila wazungu wawili wamekaa barazani wanapiga stori mpaka usiku, bila shaka walikula. Sasa nani alipika?

Alipika Halima, mpishi wa Daktari. Mama wa watu alikuwa na wakati mgumu, maana bosi wake alirudi Ujiji Oktoba 23 akiwa mifupa mitupu, na bidhaa zake zote alikuta zimeshauzwa. Alikuwa anagusa chakula tu na kukiacha. Siku ile ghafla wageni, na Daktari anakula kama hana akili nzuri! Stanley anasimulia kwamba Halima alikuwa anachungulia kila saa kutoka jikoni, ahakikishe kweli wazungu wamekuwa wawili. Majirani Waarabu nao hawakubaki nyuma, wakaleta kababu, kuku wa mchuzi, na mbuzi kwa wali. Ujirani wa Ujiji huo, hauna dogo.

Siku chache baadaye jamaa wakapanda mtumbwi wa kuazima, uliochongwa kwenye mti wa mvule kutoka Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wanaenda kaskazini kuangalia kama mto Ruzizi unatoka Tanganyika au unaingia. (Unaingia. Kwa hiyo Nile haianzii huko.) Ilikuwa safari ya siku 28. Mchana mwambao wa ziwa, jioni wanatafuta pwani nzuri, wanafunga mtumbwi, moto unawashwa, chakula kinaiva, watu wanalala nje. Wenyewe waliiita pikniki!

Pikniki ya nani, lakini? Mtumbwi ulikuwa na wapiga makasia 16. Mkono unavuta kutwa nzima, na mkifika hakuna kupumzika, kuna kuni, kuna maji, kuna mizigo ya watu. Daktari alipata raha ya kweli pale, hilo halina ubishi, afya ikamrudia. Raha hiyo ilibebwa na mikono ya watu.

Hata hivyo tusiwafanye wahudumu kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Kuna usiku mmoja mwenyeji wa kijiji aliwakirimu pombe, na Susi, mtu wa karibu kabisa wa Livingstone, akalewa chakari. Akaenda zake kulala, tena kwenye kitanda cha Daktari! Mzee wa watu usingizini akadhani ni Stanley, akawa anasogea, anasogea, blanketi linavutwa. Kunakucha ndipo anagundua ni Susi. Makofi ya mgongoni yalisikika hema zima. Na katika safari hiyohiyo wezi waliuvamia mtumbwi usiku, wakaondoka na unga pamoja na sukari nyeupe yote ya Daktari. Chai ikawa ya mkavu.

Ukitaka kujua kama Susi aliyapenda maisha yale, angalia alichofanya baadaye. Stanley alirudi Ulaya 1872, Livingstone akakataa kuondoka, na Susi na mwenzake Chuma wakabaki naye. Alipofariki 1873, huko ambako leo ni Zambia, wao na wenzao walimkausha mwili wakambeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, miezi mingi porini. Wangeweza kumzika palepale kila mtu ashike njia yake, na hakuna ambaye angewauliza.

Wale 16 wa makasia hawana mnara Ujiji. Disemba 1871 waliushusha mzigo ufukweni, wakaenda zao. Enzi zile malipo pale yalikuwa nguo na shanga, na soko lilikuwa hatua chache tu mbele ya baraza ya Daktari.