Taylor Swift na nyimbo 31: Rekodi ya Spotify inasema nini hasa?

Aprili 19, 2024, Taylor Swift aliachia albamu yake ya 11, The Tortured Poets Department, ikiwa na nyimbo 16. Saa mbili baadaye akaongeza 15 nyingine. Jumla zikawa 31!

Siku hiyohiyo albamu ilisikilizwa zaidi ya mara milioni 300 kwenye Spotify, ya kwanza kufika hapo kwa siku moja. Ndani ya wiki ikavuka bilioni 1.

Hapo mashabiki wakagawanyika. Wapo waliosema namba zimemaliza ubishi. Wengine, nao mashabiki kindakindaki, wakasema albamu ni ndefu mno, bora angebaki na zile 16.

Je, nani yuko sahihi? Kwanza ujue hesabu zinavyokwenda. Spotify huhesabu wimbo ukisikilizwa kuanzia sekunde 30. Ukiimaliza albamu hii mara moja tu, umeiongezea hesabu 31. Ingekuwa ya nyimbo 12, ungeiongezea 12. Kwa hiyo wingi wa nyimbo nao unabeba rekodi.

Lakini si wingi tu. Wiki ya kwanza Marekani, Billboard iliipa albamu hiyo nakala milioni 2.61, na kati ya hizo kama milioni 1.9 zilinunuliwa kabisa: CD, santuri, kaseti na za kupakua. Hapo watu walitoa hela mfukoni.

Kifupi, namba inakwambia wimbo umechezwa mara ngapi. Kama ni mkali au la, huo ubishi bado ni wenu.