Kusimika Jiwe, Kusimika Picha: Mnara wa Aksum na Sanaa ya Video

Kitenzi kusimika kina kazi zaidi ya moja katika Kiswahili. Fundi husimika nguzo ili nyumba ipate kusimama. Waumini humsimika askofu wao, na wazee humsimika chifu. Katika matumizi yote haya yamo mambo mawili: kitu au mtu huwekwa mahali pake, na watu huwapo kushuhudia. Kitenzi hiki kinaweza pia kutusaidia kuitaja sanaa ambayo wanafunzi wetu huisoma bila kuwa na jina lake la Kiswahili. Katika sanaa hiyo msanii hatundiki picha ukutani tu, bali hupanga vitu, mwanga, sauti na viwambo vya video katika chumba kizima, na mtazamaji huingia katikati yake. Katika makala haya tutaiita sanaa ya kusimika.

Makala yanakusudia kueleza historia ya mnara mmoja wa jiwe wa nchi ya Ethiopia, pamoja na kazi ya video iliyotengenezwa kutokana na safari ya mnara huo. Hoja yetu ni kwamba mahali patakatifu hapafanywi na jiwe peke yake. Panafanywa na watu wanaokuja kutenda ibada, na watu hao wakiondolewa, jiwe hubaki kuwa jiwe.

Video yaingia mahali pa ibada

Sanaa ya video ilianza katika miaka ya 1960. Mmoja wa waasisi wake, Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, alionyesha runinga alizozibadilisha katika mji wa Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Mwaka 1974 alitengeneza kazi ambayo sanamu ya Buddha imekaa mbele ya runinga, na runinga inaonyesha sura ya sanamu hiyo hiyo kupitia kamera. Buddha anajitazama bila kikomo. Swali la ibada na picha lilikuwa limekwisha kuulizwa.

Bill Viola wa Marekani, aliyefariki mwaka 2024, aliliingiza swali hilo kanisani. Mwaka 1996 kazi yake ilionyeshwa katika Kanisa Kuu la Durham, Uingereza. Ilikuwa picha ya mwanamume aliye uchi akipanda kutoka vilindi vya maji na kuzama tena. Kwa sababu ya uchi huo, polisi walitoa tahadhari, na vizuizi vikawekwa ili mtu asiione bila kukusudia. Mwaka 2014 kazi yake kuhusu wafia dini, yenye viwambo vinne na isiyo na sauti, iliwekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Hapa kanisa ndilo lililoipokea video. Katika mfano wetu wa Ethiopia mambo ni kinyume: video ndiyo iliyolifuata jiwe takatifu lilipokuwa likirudi kwao.

Jiwe na wenyewe

Aksum ulikuwa mji mkuu wa dola iliyofanya biashara kupitia Bahari ya Shamu. Katika karne ya 3 na ya 4 watawala wake walisimika minara ya mawe kuwa alama za makaburi. Mkubwa kuliko yote, wenye urefu wa mita 33 hivi, ulianguka zamani sana na hadi leo umelala chini ukiwa vipande. Mnara tunaouzungumzia una urefu wa mita 24 hivi na uzito wa tani zipatazo 160. Umechongwa milango na madirisha ya uongo, mithili ya ghorofa juu ya ghorofa.

Katika karne hiyo ya 4 Mfalme Ezana aliingia Ukristo, na sarafu zake zikabadilika: alama ya mwezi ikaondoka, msalaba ukaingia. Minara ya makaburi ya dini ya awali haikuondolewa. Karibu nayo lilijengwa kanisa la Maria wa Sayuni, ambamo Waorthodoksi wa Ethiopia huamini kwamba Sanduku la Agano limehifadhiwa. Mtawa mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kulikaribia. Kwa hiyo Aksum ina vitu vya aina mbili: kimoja ambacho mtu wa kawaida hapaswi kukiona kamwe, na vingine vinavyoonekana na kila mpita njia. Ibada ya huko imeishi kati ya hivyo viwili.

Ibada ya mtekaji

Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935. Wavamizi waliukuta mnara wetu umelala chini ukiwa umevunjika. Mwaka 1937 vipande vyake vilipelekwa Italia kwa njia ya bahari na kuunganishwa mjini Roma. Ulizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1937, siku ya kumbukumbu ya miaka 15 tangu wafuasi wa Mussolini kuandamana kwenda Roma kutwaa madaraka. Baadaye jengo la wizara ya makoloni lilijengwa mbele yake. Tangu 1951 jengo hilo limekuwa makao ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Tusidhani kwamba Mussolini aliiba jiwe tu. Alilisimika, kwa maana zote mbili za kitenzi chetu. Alichagua siku, akachagua mahali, akakusanya watu. Ilikuwa ibada kamili ya utawala wake, na alama ya kaburi ikafanywa kuwa alama ya ushindi.

Miaka 23 baadaye, tarehe 10 Septemba 1960, mbio za marathoni za Olimpiki zilipita mahali hapo. Abebe Bikila wa Ethiopia, akikimbia bila viatu, alimwacha mpinzani wake wa Morocco karibu na mnara huo na kwenda kutwaa dhahabu. Hakuna hotuba iliyohitajika. Jiwe lilikuwa lile lile na barabara ile ile, lakini kwa kitendo cha mtu mmoja maana yake iligeuka.

Kurudi, na viwambo 15

Kwa mkataba wa amani wa mwaka 1947 Italia iliahidi kurudisha mali za Ethiopia ndani ya miezi 18. Ilichukua zaidi ya nusu karne. Mwaka 2002 mnara ulipigwa na radi. Mwaka 2003 ulianza kubomolewa kwa uangalifu, na Aprili 2005 vipande vitatu vilirudishwa kwa ndege kubwa ya mizigo aina ya Antonov. Wakati wa maandalizi, uchunguzi wa UNESCO ulibaini kwamba chini ya uwanja wa minara kuna vyumba vingine vya maziko. Hivyo wahandisi walilazimika kufanya kazi juu ya makaburi, kwa tahadhari inayostahili makaburi. Mnara ulisimikwa upya mwaka 2008, na sherehe ikafanyika tarehe 4 Septemba mwaka huo.

Theo Eshetu, msanii aliyezaliwa London mwaka 1958 mwenye asili ya Ethiopia, na aliyeishi Roma kwa miaka mingi, alitengeneza mwaka 2009 kazi ya video kuhusu kurejea huko. Kazi hiyo huonyeshwa kwenye viwambo 15 vilivyopangwa pamoja. Mpangilio wake unakumbusha michoro ya kimapokeo ya Ethiopia inayosimulia habari za Malkia wa Sheba na Mfalme Suleimani, ambamo hadithi hugawanywa katika visanduku vinavyofuatana, kimoja baada ya kingine.

Uamuzi huo wa kisanaa una uzito wa kihistoria. Filamu ya kawaida ingetupatia jicho moja na simulizi moja. Viwambo 15 havitazamiki vyote kwa mara moja, na mtazamaji hulazimika kuchagua, kama mtu aliye katikati ya umati siku ya sikukuu, anayeona bega la jirani na kipande tu cha msafara. Zaidi ya hayo, msanii ametumia mashine za kisasa kwa utaratibu wa wachoraji wa zamani. Hivyo jiwe limerudi Aksum, na habari za kurudi kwake zimerudi katika namna ya usimulizi ya Waethiopia wenyewe.

Jiwe lilibaki, watu waliuawa

Historia haikuishia hapo. Mwishoni mwa Novemba 2020, wakati wa vita vya Tigray, mamia ya raia waliuawa mjini Aksum. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Amnesty International, yaliwataja wanajeshi wa Eritrea kuwa ndio waliotenda mauaji hayo. Yalitokea tarehe 28 na 29, mkesha wa sikukuu kuu ya Maria wa Sayuni ya tarehe 30. Mnara uliookolewa kwa gharama kubwa haukuanguka. Walioanguka ni baadhi ya wale ambao kwa ajili yao mnara ulirudishwa. Ulimwengu uliojua kuhesabu tani za jiwe ulichelewa kuhesabu maiti.

Hapa Uganda somo hili si geni. Nyumba ya makaburi ya Kasubi, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, iliteketea tarehe 16 Machi 2010. Fedha na mafundi wa nje peke yao visingetosha kuirudisha, kwa sababu kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na mapambo ya ndani ni ya ukoo wa Ngo, kila mmoja kwa taratibu na miiko yake. Kazi ilichukua miaka, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walioona ujenzi unachelewa walinung'unika. Hata hivyo, kuchelewa huko kwa sehemu kulikuwa ni ibada yenyewe ikifuatwa.

Hitimisho

Tumeona mnara mmoja ukisimikwa mara tatu: na watawala wa Aksum kwa ajili ya wafu wao, na mtekaji kwa ajili ya fahari yake, na taifa lililorudishiwa chake. Mara ya nne umesimikwa kwa picha. Kila mara jiwe lilikuwa lile lile, bali watu na ibada vilibadilika. Kwa hiyo anayetaka kuandika historia ya mahali patakatifu asianze kwa kupima urefu wa mnara. Aanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwepo, alikuja kutenda nini, na kama leo bado yu hai kulitenda.

Wanafunzi wetu wa isimu nao wanayo kazi. Wataalamu wa kompyuta wamekwisha kujichukulia neno sakinisha. Je, kusimika kuwe neno la wasanii? Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao.