Hadhira Iliyogeuka Fanani: Sinema za Mwisho wa Juma Kisumu

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki aghalabu humchunguza mwandishi na kumsahau mtazamaji wa sinema. Kisumu ni mfano mwafaka. Reli iliufikia ufuko huo wa ziwa mwaka 1901, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wakafungua maduka. Baadaye filamu za Bombay, mathalani Awaara (1951) na Mother India (1957), zilipendwa kote Afrika Mashariki. Mpenzi wa sinema asiyejua Kihindi, aliyeshinda ukumbini Jumamosi na Jumapili, alifuata kisa kwa nyimbo, machozi na ishara. Jumatatu akawasimulia waliokosa fedha za tiketi.

Usimulizi huo haukuwa tafsiri pungufu. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walisikiliza sigana na kujifunza kuzisimulia. Msikilizaji alikuwa fanani mtarajiwa. Kwa hiyo Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, waliozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hawakuzuka ghafla pamoja na video. Waliifanya kuwa kazi sanaa ambayo watazamaji walikwisha kuizoea. Mhakiki anayesubiri matini iliyochapishwa hataiona kamwe.