Ufugaji wa Mbwa na Paka: Sheria, Viwango na Changamoto Zinazowakabili Wananchi wa Mwazye na Uwanda wa Ufipa

Katika Kata ya Mwazye, Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, mbwa ni mlinzi kwanza, na urafiki wake na mwenye nyumba hufuata baadaye. Hulinda zizi la ng'ombe usiku, hufukuza wanyama waharibifu katika mashamba ya mahindi, na humtaarifu mwenye nyumba kuwa kuna mtu uani. Paka naye hulinda ghala la mahindi, maharage na ulezi dhidi ya panya. Katika miji mikubwa, mjadala kuhusu wanyama wanaofugwa kwa ulinzi na urafiki huhusu zaidi uuzaji wa mbwa wa mbegu za kigeni, chakula cha viwandani na kliniki binafsi. Kwa mwananchi wa Ufipa hoja iliyo mbele ni nyingine: nani anawajibika kwa mbwa huyu, je, amechanjwa, na mtoto aking'atwa apelekwe wapi.

Makala haya yanaeleza sheria zinazosimamia ufugaji wa wanyama hao, viwango ambavyo mfugaji anatakiwa kuvizingatia, na sababu zinazofanya utekelezaji wake kuwa mgumu katika maeneo ya vijijini.

Sheria zinazohusika

Sheria tatu ndizo msingi. Ya kwanza ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya Mwaka 2003, inayoipa Serikali mamlaka ya kuzuia na kudhibiti magonjwa, ikiwamo kuweka karantini na kusimamia usafirishaji wa wanyama. Ya pili ni Sheria ya Veterinari Na. 16 ya Mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu hawezi kutoa huduma ya tiba ya wanyama bila kusajiliwa, kuandikishwa au kuorodheshwa na Baraza kulingana na kiwango cha elimu yake. Madaktari wa mifugo nchini husomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wataalamu wasaidizi walio wengi hutoka katika kampasi za Wakala ya Mafunzo ya Mifugo, LITA.

Ya tatu, ambayo wananchi wengi bado hawajaifahamu, ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya Mwaka 2008. Sheria hii inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia, na inamtaka anayemmiliki au anayemtunza kumkinga dhidi ya mateso yanayoweza kuepukika. Msingi wake ni uhuru wa aina tano unaokubalika kimataifa, ambao ulianza kutajwa nchini Uingereza kuhusu mifugo ya mashambani: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, majeraha au maradhi, aweze kuonesha tabia yake ya asili, na asiishi katika hofu.

Maneno hayo yanaweza kuonekana ya kitaalamu mno, lakini tafsiri yake Mwazye ni rahisi. Uwanda wa Ufipa ni wa baridi, hasa Juni na Julai. Mbwa anayelala nje kwenye umande bila banda wala gunia la kulalia amenyimwa mahali pa kukaa, hata kama analishwa ugali kila jioni. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi mwaka mzima ili awe mkali amenyimwa tabia yake ya asili. Pamoja na hilo, ukali wa namna hiyo hauchagui mwizi na mtoto wa jirani. Kumpiga mawe mbwa wa mtu kwa burudani, kumwagia paka maji ya moto au kutelekeza watoto wa mbwa porini ni vitendo vya ukatili, na sheria inavikataza.

Mbali na sheria hizo, Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu udhibiti wa mbwa wanaozurura. Mwananchi anashauriwa kuuliza katika ofisi ya kijiji au kata kuhusu sheria ndogo inayotumika katika eneo lake.

Kichaa cha mbwa: kiini cha suala lote

Kiwango kimoja kina uzito kuliko vingine vyote, nacho ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu husababishwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya kung'atwa, kukwaruzwa au mate kugusa kidonda. Dalili kwa binadamu huonekana kwa kawaida baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kujitokeza baada ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka mmoja. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu daima hufariki dunia. Hakuna dawa ya kutibu hatua hiyo, hospitalini wala kwa mganga wa jadi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndiye chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Karibu watu wanne katika kila kumi wanaofariki ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mara nyingi kuliko iliyokuwa ikiripotiwa rasmi, kwa kuwa wagonjwa wengi hufia nyumbani bila kuingia katika takwimu. Ni ugonjwa wa familia za vijijini, na huenda ndiyo sababu umechelewa kupewa uzito unaostahili.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unaweza kukomeshwa. Tafiti zilizofanyika Serengeti na Ngorongoro zilionesha kuwa mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ziada kidogo tu. Kasi hiyo ni ndogo, ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo kunatosha kuukata mnyororo wa maambukizi. Kati ya mwaka 2010 na 2015 Serikali kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani ilitekeleza mradi wa majaribio kusini mashariki mwa Tanzania pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba ilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Miaka miwili baadaye ulirejea, chanjo ikarudiwa, na mwaka 2018 ukatokomezwa tena. Kisiwa kimezungukwa na maji na bado ugonjwa ulipenya. Wilaya ya Kalambo inapakana na Zambia, na mbwa hawatambui mpaka.

Kwa nini kiwango cha asilimia 70 ni kigumu kufikiwa

Wapo wanaodhani kwamba tatizo la vijijini ni mbwa wasio na wenyewe. Tafiti katika maeneo mengi ya Tanzania zinaonesha vingine: mbwa walio wengi wana mwenyewe, hata wale wanaoonekana wakizurura. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mbwa na kumfikisha kituoni siku ya chanjo. Mara nyingi kazi hiyo huachiwa watoto, ambao huwaleta mbwa kwa kamba ya katani au ya mkononi tu. Mtoto akiwa shuleni, mbwa habanduki nyumbani. Kituo kikiwa mbali, mbwa mkubwa asiyezoea kufungwa humshinda njiani. Kwa hiyo ratiba ya kampeni inayopangwa katikati ya wiki ya masomo, au wakati wa masika barabara zinapokuwa tope, imekwisha kujipunguzia mafanikio kabla ya sindano ya kwanza. Kipindi cha baada ya mavuno, kwa siku ya mapumziko na katika kila kitongoji, kina nafasi nzuri zaidi.

Sababu ya pili ni imani kuwa watoto wa mbwa hawachanjwi. Kwa utaratibu wa kawaida chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa. Hata hivyo, katika kampeni za umma Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wa umri wote wachanjwe, wakiwamo wadogo. Ushauri huo una maana kubwa kijijini, ambako mbwa huzaliana na kufa kwa kasi. Kundi lililochanjwa mwaka huu hubadilika, na baada ya mwaka mmoja au miwili kinga ya kijiji huwa imeshuka bila mtu yeyote kufanya kosa. Chanjo ya mara moja, kisha kimya cha miaka mitatu, ni fedha iliyomwagwa.

Sababu ya tatu ni ubaridi wa kuhifadhia chanjo. Kwa kawaida chanjo hutunzwa kwenye nyuzi joto kati ya 2 na 8, na majokofu ya uhakika hayapo katika kila kijiji. Hapa sayansi imeleta nafuu: utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa chanjo ya aina moja inayotumika sana nchini, ulibaini kuwa hubaki na nguvu ikihifadhiwa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi joto 30. Mkoani Mara watafiti wamejaribu kuitunza katika vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, mfano wa mtungi wa maji ya kunywa. Kwa uwanda wenye hali ya hewa kama ya Ufipa, njia hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Angalizo ni kuwa matokeo hayo hayahusu kila chanjo, hivyo mtaalamu afuate maelekezo ya bidhaa aliyo nayo.

Wakati mwingine, baada ya tukio la kung'atwa, huibuka shinikizo la kuua mbwa wote wanaozurura. Hasira ya wananchi inaeleweka, lakini hatua hiyo peke yake haijathibitika kuukomesha ugonjwa popote. Mbwa wanaouawa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, nafasi zao huchukuliwa na wengine wasio na kinga, na wenye mbwa huanza kuwaficha.

Zipo changamoto nyingine za kiafya, ambazo zinatajwa hapa kwa ufupi. Mbwa wanaolishwa maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni huweza kupata minyoo inayosababisha uvimbe wa maji katika ini la binadamu. Mabaki hayo yafukiwe au yapikwe. Homa ya mbwa inayofahamika kitaalamu kama distempa haiambukizi binadamu, lakini mwaka 1994 virusi vyake, vilivyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Uzazi usiodhibitiwa nao hupunguzwa kwa kuhasi madume na kufunga kizazi cha majike, kazi ambayo ni lazima ifanywe na mtaalamu kwa dawa ya ganzi au usingizi.

Kuhusu biashara ya dawa na chanjo, mwananchi anunue katika duka lenye kibali na ahakikishe kuwa bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chanjo iliyokaa dirishani juani haina thamani, hata kama tarehe yake haijapita.

Hatua za kuchukua mtu anapong'atwa

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa mtoto akiwa analia, lakini zina uwezo wa kuondoa sehemu kubwa ya virusi. Kidonda kisipakwe mafuta ya taa, pilipili, majivu wala majani, na kisifungwe kwa kubanwa.

Pili, majeruhi apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo au ni mkwaruzo. Chanjo ya binadamu haipatikani katika kila zahanati, hivyo familia iombe rufaa mapema na ianze safari ya kwenda Matai au Sumbawanga bila kusubiri kuona iwapo mbwa atakufa. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku zinazopangwa na mtoa huduma, kwa kawaida siku ya kwanza, kisha ya tatu na ya saba baada ya hapo, na kuendelea kulingana na mwongozo. Wengi hukatisha baada ya dozi ya kwanza kwa kukosa nauli. Uongozi wa kijiji na ndugu wanaombwa kulichukulia suala la nauli hiyo kwa uzito ule ule wa mgonjwa wa uzazi pingamizi.

Tatu, taarifa itolewe kwa afisa mifugo wa kata. Mbwa akiwa hai na anaweza kudhibitiwa kwa usalama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima katika muda huo, hakuwa akitoa virusi siku aliyong'ata. Akifa au ikilazimu kuuawa, kichwa kisiharibiwe, kwa kuwa uthibitisho wa ugonjwa hupatikana kwenye ubongo kwa vipimo vya maabara, vikiwamo vya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Mwananchi asimshike mzoga kwa mikono mitupu wala kumkata mwenyewe. Amwachie mtaalamu.

Wanaosafiri na mbwa au paka kupitia mpaka wa Kasesya wanatakiwa kuwa na kibali na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka za mifugo, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa mfugaji asiyesafiri, kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka nyingine za kaya. Siku mbwa wake akimng'ata mtu, kadi hiyo ndiyo itakayoombwa kwanza, na afisa mifugo na mtoa huduma za afya wataitumia katika kuamua hatua inayofuata.