Past Masters: Nyimbo za Beatles Zilizobaki Nje ya Albamu

Mwezi Machi 1988 kampuni ya EMI ya Uingereza ilitoa, katika juzuu mbili, mkusanyo ulioitwa Past Masters, wenye nyimbo 33 za kundi la Beatles ambazo, ingawa baadhi yake zilikuwa zimevuma duniani kote, hazikuwamo, angalau kwa matoleo hayo, katika albamu zozote za kundi hilo zilizotolewa kwa CD mwaka uliotangulia.

Mkusanyo huo ulitokana na desturi ya soko la muziki la Uingereza ya miaka ya 1960. Singo, yaani santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika yenye wimbo mmoja kila upande, ilihesabiwa kuwa kazi inayojitegemea, na Beatles pamoja na mtayarishaji wao, George Martin, walipendelea, ingawa si kila mara, kutomuuzia mnunuzi wimbo uleule mara mbili, kwanza katika singo na kisha katika albamu. Nchini Marekani mambo yalikwenda vingine, kwa kuwa kampuni ya Capitol ilizipangua albamu za Uingereza na kuzichanganya na singo ili ipate albamu nyingi zaidi za kuuza. Mwaka 1987 ilipoamuliwa kwamba mpangilio wa Uingereza ndio utakaofuatwa kila mahali, isipokuwa albamu ya Kimarekani ya Magical Mystery Tour iliyobeba singo za mwaka 1967, nyimbo nyingi muhimu zilibaki bila makao, zikiwemo “She Loves You” na “Hey Jude”.

Utajiri mkubwa zaidi wa mkusanyo huu, hata hivyo, umo katika nyimbo za upande B, yaani upande wa pili wa singo, ambao haukutarajiwa kuuza santuri na kwa hiyo uliwapa wanamuziki uhuru wa kujaribu. “Rain”, iliyokuwa nyuma ya “Paperback Writer” mwaka 1966, ilipigwa kwa kasi kisha kanda ya ala ikapunguzwa mwendo ili milio iwe mizito, na mwishoni sauti ya John Lennon inasikika ikirudishwa kinyumenyume. Ni vigumu kutaja wimbo wa albamu wa wakati huo unaoipita kwa ujasiri. “The Inner Light”, upande B wa “Lady Madonna” mwaka 1968, ni utunzi wa George Harrison ambao ala zake zilirekodiwa Bombay na wanamuziki wa Kihindi, na “Revolution”, iliyofuata mwaka huohuo nyuma ya “Hey Jude”, ilipata mngurumo wake kwa kuunganisha magitaa moja kwa moja na mashine ya kuchanganyia sauti mpaka mlio ukakwaruza.

Mkusanyo huo pia ni hifadhi ya kumbukumbu. “Love Me Do” iliyomo humo ni ile ya singo ya Oktoba 1962, ambamo Ringo Starr anapiga ngoma, tofauti na ile ya albamu, ambamo Andy White ndiye mpiga ngoma naye Ringo amepewa tari. Zimo vilevile nyimbo mbili za Kijerumani zilizorekodiwa Paris mwezi Januari 1964, baada ya tawi la EMI la Ujerumani Magharibi kushikilia kwamba nyimbo za Kiingereza hazingeuzika vya kutosha huko. Kwa “Komm, gib mir deine Hand” waimbaji walitumia ala zilizokwisha kurekodiwa kwa toleo la Kiingereza, lakini kanda za “She Loves You” hazikuwa zimehifadhiwa, hivyo “Sie liebt dich” ilibidi ipigwe upya kuanzia mwanzo. Upotevu huohuo ndio uliofanya “She Loves You” yenyewe isikike katika mkusanyo kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, huku nyimbo nyingi za jirani zikiwa katika sterio.

Nyimbo zimepangwa kwa kufuata wakati, toka 1962 hadi 1970, wala hazikuchaguliwa kwa ubora, na ndiyo maana mkusanyo huu unaonyesha ukuaji wa kundi kwa uaminifu kuliko mikusanyo mingi ya nyimbo bora. Mwaka 2009, kazi zote za Beatles ziliposafishwa upya kidijitali, juzuu hizo mbili ziliunganishwa kuwa albamu moja ya CD mbili.